Radi Namba 12 na Kikombe cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga hawakusema atainukaje. Dakika kumi nzima nimeng'ang'ania mguu wa kitanda! Hiyo ndiyo hasara ya nyumba ya mtu mmoja: hakuna wa kumwambia nipe mkono.

Nilikuwa natafuta karatasi chakavu za kukingia gundi. Nieleze kidogo, maana shajara bila maelezo ni orodha tu. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Miaka thelathini na minne katika karakana ya maktaba, chumba cha chini, dirisha moja. Kitabu kikichanika kililetwa kwangu, kikatoka na mgongo mpya. Siku ya kustaafu walitaka kunipa saa ya ukutani. Nikawaambia heri mashine ya kukatia karatasi. Ipo hapa mezani, mahali ambapo watu wengine huweka chakula.

Ndani ya sanduku la mvunguni, chini kabisa: jarida la katuni. "Radi", toleo namba 12. Radi ni yule shujaa mwenye joho jekundu aliyeruka juu ya mapaa na kukamata wezi kwa mkono mmoja. Nililitambua mara moja. Nilimnyang'anya mwanangu akiwa na miaka kumi na mmoja, alipolificha ndani ya kitabu cha hesabu. Nikamwahidi nitamrudishia shule zikifungwa. Shule zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi tangu hapo. Mwanangu sasa ana kipara.

Nikalipeleka kwa Mama Vitabu, anayeuza vitabu vikuukuu pale chini barabarani, nikitumaini kupata pakiti ya majani ya chai. Akalitazama. Akafunga mlango wa duka. Akasema, "Mzee wangu, usiniuzie mimi. Nitakudhulumu, kisha nafsi itanisuta."

Maelezo yake, kwa kifupi: katika matoleo yote Radi hushinda. Ni katika hili tu anashindwa. Anaanguka kutoka juu ya mnara wa maji, haamki. Mama yake, ambaye hajui kabisa kwamba mwanawe ndiye Radi, anamkuta amelala kwenye mvua, anamvua kinyago, na chini ya ukurasa wa mwisho anamwambia maneno fulani. Watoto walilia nchi nzima. Wazazi wakaja juu. Mchapishaji akaagiza nakala zote zirudishwe, zikasagwa, akatoa namba 12 nyingine ambamo Radi anaamka na kupiga watu. Za kwanza zimebaki kumi na moja tu zinazojulikana, pamoja na hii yangu. Nikamuuliza Mama Vitabu: mama wa Radi anamwambia nini mwanawe? Akasema hajui. Waliosoma hawasemi. Ni desturi ya wakusanyaji: mstari ule haunakiliwi wala hausimuliwi, anayeutaka sharti auone kwa macho yake. Ndiyo maana watu husafiri siku mbili kwenda kuutazama.

Nikauliza: watakuja hata kwangu? Kuniona?

Akasema watakuja kuliona jarida.

Sikuona tofauti kubwa.

Jumanne, 4 Machi

Tangazo limebandikwa dukani kwa Mama Vitabu. "Radi namba 12 ya kwanza. Kutazama tu. Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Chai ipo." Kizuri chajiuza, lakini si vibaya kukisaidia.

Nimenunua kikombe cha pili. Mwenye duka akauliza kama nataka seti ya vikombe sita. Nikamwambia tusikimbilie mambo.

Nimefagia ngazi, ghorofa zote mbili. Posta akatoka mlangoni kwake kunitazama. Huyu ni jirani wa juu, mpeleka barua mstaafu, na kwa miaka minne hatuna zaidi ya salamu. Sababu anaijua. Tulikuwa tunacheza drafti, nikainuka kuangalia jiko, niliporudi kete yake imehama! Alikana. Anakana hadi leo. Nikamwambia nafagia kwa sababu natarajia wageni. Akauliza nani kafariki.

Nimefagia hadi mlangoni kwake, vumbi lote nikaliacha hapo.

Mimi mwenyewe sijasoma ukurasa wa mwisho. Kwanza, fundi wa kujalidi hasomi; ukianza kusoma, gundi inakauka. Pili, nimeamua sitausoma peke yangu. Kitu ambacho watu husafiri siku mbili kukiona, ukikisoma peke yako jikoni utamwambia nani? Nitausoma na mgeni.

Alhamisi, 6 Machi

Mgeni! Mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji mwenyewe. Simjui jina, kwa hiyo namwita Miwani, maana anavaa moja na kuning'iniza nyingine kifuani. Alikuja na glavu nyeupe na kibanio kidogo cha kufunulia kurasa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipona saa hiyohiyo.

Kisha nikaingiwa na hofu. Jarida lina kurasa thelathini na mbili. Mtu kama huyu anazimaliza kwa nusu saa, anashukuru, anaondoka, na kikombe cha pili kinarudi kabatini. Nikapata wazo papo hapo. Nikamwambia hali ya karatasi ni dhaifu sana (uongo), kwa hiyo sheria ya nyumba hii ni kurasa nne kwa ziara moja. Kurasa thelathini na mbili ni ziara nane kwa kila mgeni!

Miwani akameza mate. Akakubali. Akazitazama zile nne kwa dakika kumi na nne, naona hata kupumua alisahau. Nikamweleza kuhusu pini za waya: kwamba adui wa karatasi si moto wala maji bali chuma kinachopata kutu, na kwamba mwaka fulani nilitoa pini mia tisa kwa wiki moja. Akasema, "Hmm." Hakumaliza chai.

Lakini atarudi! Alhamisi ijayo, na kamati nzima. Amesema jarida likithibitishwa, nitapewa kiti cha kudumu kwenye mikutano yao ya kila mwezi. Kiti cha kudumu! Nikamuuliza kama kina egemeo. Akadhani natania.

Jumamosi, 8 Machi

Wageni watatu. Sheria ya kurasa nne inafanya kazi. Nimezungumza saa moja mfululizo, koo limekauka, furaha tele.

Tatizo ni Posta. Ameweka kiti kwenye kituo cha ngazi, njia panda ya wageni wangu, na anawasimulia jinsi alivyobeba kwa mabega yake magunia ya namba 12 zilizorudishwa. Kimbelembele! Wale watatu walikaa kwangu dakika ishirini kila mmoja, wakapanda kwake, wakakaa saa nzima. Niliwasikia wakicheka juu ya dari yangu. Nikagonga dari kwa mpini wa ufagio. Posta akagonga sakafu kwa kisigino. Wageni wakadhani ni mchezo, nao wakagonga.

Nimeosha vikombe viwili. Hata kile changu nilikuwa nimesahau kunywa.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu amepiga simu. Hupiga kila Jumapili, dakika nne. Tunaanza na hali ya hewa, tunapita kwenye dawa zangu, tunaishia kwenye bomba linalovuja. Leo tulipofika kwenye bomba nikamwambia nimeipata Radi yake.

Nikasikia anazima redio upande wake.

Akauliza, "Ile uliyoninyang'anya?"

Nikamwambia niliihifadhi. Akacheka, kicheko kifupi. Kisha akasema kitu ambacho sikukijua. Kwamba alikuwa amebakiza kurasa nne. Kwamba wenzake shuleni walisoma ile ya pili, wakasema Radi kashinda. Yeye akabisha, akasema ameona kwa macho yake Radi akianguka mnarani, wakamwita mwongo mpaka alipohama shule. "Baba, mpaka leo sijui iliishaje."

Nilitaka kumwambia alivyosimulia Mama Vitabu. Nikakumbuka desturi. Na kusema kweli nikaona nafasi. Nikamwambia mambo kama hayo hayasimuliwi kwa simu. Sharti uone kwa macho.

Anakuja Jumamosi! Safari ya saa tisa kwa basi. Hajafika hapa kwa miaka sita.

Nimevuta kile kiti kingine karibu na dirisha. Nimekirudisha. Nimekivuta tena.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelitazama jarida kwa jicho la fundi, na nimeona aibu. Pini zina kutu. Kingo zimepinda kama meno ya mtoto. Jalada la karatasi lina alama ya duara la kikombe. Kona ya ukurasa wa 28 imekunjwa, na pembeni pana mstari wa penseli na maandishi madogo ya kitoto: "nimefika hapa". Kurasa zimelegea. Nimewakaribisha watu kuja kuona kitu kama hiki! Kamati Alhamisi, mwanangu Jumamosi. Hata maskini humvalisha mwanawe siku ya wageni.

Nitalijalidi. Sijui kwa nini sikuwaza mapema. Ngozi halisi mgongoni, kitambaa kigumu ubavuni, herufi za dhahabu. Nina kipande cha ngozi nyekundu nilichokitunza miaka kumi na tano nikisubiri kazi ya heshima. Miwani atazirai.

Jumatano, 12 Machi

Kazi imekwisha. Mikono bado inajua! Nitaandika hatua zote, huenda siku moja atatokea anayetaka kujifunza.

Kwanza, kutoa pini. Pili, kutoa jalada la karatasi. Kanuni ya karakana ni hii: jalada la karatasi halina kazi kitabu kikishapata jalada la kweli. Nimelitumia kuwashia jiko la kuyeyushia gundi. Tatu, kusafisha. Kona ya ukurasa wa 28 nimeinyoosha kwa pasi ya uvuguvugu. Penseli nimeifuta kwa kipande cha mkate, haionekani kabisa. Nne, kushona kwa uzi uliopakwa nta. Tano, kukata kingo pande tatu, milimita tatu kila upande, isipokuwa mgongo. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Kile kisu cha mashine kimeshuka mara tatu, shwaa, shwaa, shwaa, kingo zimekuwa kama kioo. Sita, kadi ngumu za jalada, ngozi, kitambaa. Saba, dhahabu: RADI. Chini yake, 12.

Nimeliweka mezani na kukaa mbele yake. Halafu nikageuka kumwonyesha mtu.

Mazoea hayo ya karakana. Kulikuwa na mwenzangu meza ya pili.

Alhamisi, 13 Machi

Kamati ilifika saa kumi kamili. Miwani, mama mmoja muuguzi, na bwana mmoja mnene mwenye begi lililofungwa kwa kufuli. Nilikuwa nimelifunika jarida kwa kitambaa. Nikakivuta.

Miwani akauliza jalada liko wapi. Nikamwonyesha: hili hapa, ngozi, shika. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto aliye juu ya paa: jalada la jarida, lile la karatasi, lenye mnara. Nikamweleza kanuni ya karakana. Nikamwambia liliwaka vizuri sana.

Yule bwana mnene alikaa chini. Pale alipokaa hapakuwa na kiti.

Mama muuguzi akafunua ukurasa wa mwisho. Akatazama. Akamwita Miwani kwa kidole. Miwani akatazama, akavua miwani ya usoni, akavaa ile ya kifuani, akatazama tena. Kisha akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Mzee," akasema, "zilikuwa kumi na moja. Sasa zimebaki kumi."

Nikamwambia bado ni kumi na moja, ila moja imevaa vizuri. Hakucheka. Nikauliza habari ya kiti cha kudumu. Mama muuguzi akanishika mkono, akapima mapigo ya moyo wangu, nadhani kwa mazoea tu, akaniambia nipumzike.

Chai hawakugusa. Vikombe vitatu vya kuazima! Usilolijua ni kama usiku wa giza. Watu wanaokusanya vitabu maisha yao yote, hawajui mshono wa nta ni nini.

Posta aliwapa viti ngazini. Sikusikia kicheko safari hii. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya msibani.

Jumamosi, 15 Machi

Amefika. Amenenepa. Amebeba machungwa, na kifaa cha kuzibia bomba.

Nikamkalisha dirishani. Chai. Nikampa jarida. Akapapasa ngozi, akasema kazi nzuri, Baba, na najua alisema kweli kwa sababu alifuata mshono kwa kidole gumba, kama nilivyomfundisha. Akaanza kufunua kurasa. Akafunua, akarudi nyuma, akafunua. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema alikuwa amekunja kona mahali alipoishia. Nikamwambia nimeinyoosha. Akauliza na maandishi? Nikamwambia nimeyafuta, haionekani hata alama, tazama kwenye mwanga.

Akatazama kwenye mwanga, muda mrefu. Akasema kweli, haionekani.

Alikumbuka mwenyewe mahali. Nikavuta kiti changu ubavuni kwake, tukasoma kurasa nne za mwisho, bega kwa bega. Mnara. Radi chini, haamki. Mvua. Mama anapiga magoti, anavua kinyago. Na chini kabisa, pale palipokuwa na maneno yake...

Vitabu vya maktaba vina kingo pana, vidole viwili. Mchoraji huyu alikuwa mchoyo wa nafasi. Milimita tatu zimetosha. Kilichobaki ni vichwa vya herufi, kama watu waliozama mtoni, zinaonekana nywele tu.

"Anamwambia nini, Baba?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa namsubiri yeye.

Hakugomba. Angegomba ningejua la kumjibu. Alichukua kifaa chake, akaenda kuziba bomba.

Hapo Posta akabisha hodi. Hakuingia, alisimama kwenye kizingiti akamtazama mwanangu juu ya bega langu. Akasema anayo namba 12 ya kwanza. Ilianguka kutoka kwenye gunia la zilizorudishwa, akaisukuma chini ya koti, na hajamwonyesha mtu, hata Miwani, kwa kuwa anaogopa ofisi ya posta itakuja kuidai. Amestaafu miaka kumi na mmoja! Akamwambia mwanangu apande akasome. Akanitazama, akasema hata mimi nipande, viti vipo.

Nikamwambia nitapanda siku atakapokiri kuhusu ile kete.

Mwanangu akapanda peke yake. Nikasikiliza dari. Hakuna kicheko, hakuna hatua. Aliposhuka, macho yalikuwa mekundu. Nikamwomba aniambie mstari ule. Akatikisa kichwa. "Hausimuliwi, Baba. Umesema mwenyewe sharti uone kwa macho." Akaniwekea mkono begani, akauacha hapo kidogo. "Panda. Posta si mtu mbaya. Na yuko peke yake kama wewe."

Mimi siko peke yangu. Nina shughuli.

Aliondoka na basi la saa kumi. Bomba halivuji. Jumapili ijayo sijui tutaishia kwenye nini.

Jumapili, 16 Machi

Nimefikiri usiku na mchana. Mwanangu ana akili, lazima nipande. Lakini si kama mwombaji. Kwa mpango.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepanda. Ngazi kumi na nane, miaka minne. Posta alifungua mlango kabla sijabisha mara ya pili, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma yake. Akanikaribisha. Ana kikombe kimoja. Akaninywesha kwenye bilauri. Tukaongea kuhusu magoti. Akasema amekuwa akinisikia nikipiga nyundo chini na ameizoea. Siku nisipopiga hulala vibaya. Nikamweleza aina za nyundo.

Kisha akaitoa. Namba 12, na jalada lake, na mnara. Akaiweka magotini pangu, akaniambia nisome mwisho taratibu, yeye anakwenda kuangalia jiko, maji yanachemka.

Nikaishika. Na kitu cha kwanza nilichokiona ni pini. Kutu! Mbili, zote! Kingo zimechakaa, mgongo umepasuka. Mtu ametunza kitu miaka yote hii na hajui kwamba kinakufa mikononi mwake. Nikaona mara moja jinsi ya kulipa wema wake, na wema wa mwanangu, kwa pamoja. Angekataa, najua, watu wa posta hawaelewi. Kwa hiyo alipokuwa jikoni nikaisukuma chini ya koti, nikamwambia kwa sauti narudi sasa hivi, nikashuka. Si wizi. Ni kuhamisha tu, kama kete.

Zimepita saa mbili tangu hapo na kazi inakwenda vizuri. Mgongo utakuwa wa ngozi ya kijani, kipande cha mwisho nilichonacho. Jalada la karatasi limewasha jiko. Pini zimetoka. Nimeshona. Na nimekata kingo, lakini safari hii milimita mbili tu, si tatu. Mtu hujifunza.

Ukurasa wa mwisho sijausoma. Si wa kusoma peke yangu. Nitamwita Posta gundi ikikauka, tuusome bega kwa bega, na hapohapo atakiri ile kete.

Lakini ngoja. Nasikia mlango wa juu. Anashuka! Anashuka haraka, ngazi mbilimbili, na magoti yale! Analitaja jina langu kwa sauti kubwa. Miaka minne hajaja kwangu kukaa.

Nimetoa kikombe cha pili.